Rundo la Vioo na Mwanga Uliokosa Njia

Kioo kimoja cha dirisha hakizuii mwanga kwa kiasi cha kumsumbua mtu. Uso wa mbele unarudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaoupiga wima, uso wa nyuma nao unarudisha kiasi kama hicho, na sehemu kubwa inayobaki inaendelea na safari yake. Mwaka 1862 George Gabriel Stokes aliuliza habari ya vioo vingi. Ukivipanga kimoja nyuma ya kingine, kumi, hamsini, mia, ni mwanga kiasi gani utakaotokea upande wa pili?

Stokes, mzaliwa wa Skreen huko Ireland, alikuwa ameshika kwa miaka 13 kiti cha uprofesa cha Cambridge alichowahi kukikalia Newton. Swali lake lilikuwa la kazi. Maabara za wakati ule zilitumia rundo la vioo lililoinamishwa ili kuchuja mwanga, ubaki ule unaotikisika upande mmoja tu. Aliyekuwa na rundo kama hilo mezani alihitaji kujua vioo vingapi vinatosha na mwanga kiasi gani utapotea njiani.

Hesabu ya haraka ingekuwa kuzidisha: kila uso unapitisha asilimia 96 ya kilichoufikia, basi zidisha 0.96 kwa yenyewe mara nyingi kadiri ya idadi ya nyuso. Stokes aliona mara moja kwamba hilo halitoshi. Mwanga uliorudishwa na kioo cha tatu unakutana na kioo cha pili, na sehemu yake inageuzwa tena kwenda mbele. Mwanga huo haujapotea, unatangatanga tu, na mwisho wa yote sehemu yake itatoka upande wa pili. Alizijumlisha safari zote hizo, za kwenda na za kurudi, akapata kanuni fupi na safi. Tukiitumia kwa nyuso zinazorudisha asilimia 4, vioo 10 vinapitisha takriban asilimia 55 ya mwanga, vioo 50 asilimia 19, vioo 100 karibu asilimia 11. Mwanga unapungua polepole. Rundo likiwa kubwa, ukiongeza vioo mara mbili, mwanga unapungua kwa karibu nusu.

Jambo moja alilifanya kwa makusudi: alihesabu kiasi cha mwanga, hakuhesabu mawimbi. Haikuwa kwa kutojua, kwani watu waliolielewa wimbi la mwanga kumzidi katika karne ile walikuwa wachache sana. Lakini kioo ni kinene, unene wake ni maelfu ya mawimbi ya mwanga, na hakuna vioo viwili vinavyolingana kabisa. Kilele cha wimbi moja kitakutana na kilele au bonde la jingine kwa bahati tu. Ilionekana halali kusema kwamba nyongeza na upungufu vitafutana, na hesabu ya kiasi itabaki kuwa sahihi. Wanafizikia wengi wa leo wangeandika hivyo hivyo. Kosa lilijificha humo, na lilikaa humo miaka 135.

Upande wa pili wa jambo, yaani matabaka yaliyopangwa kwa nidhamu, ulipata ufumbuzi mapema. Mwaka 1885 Stokes huyo huyo alieleza habari za fuwele za kloreti ya potasiamu zilizong'aa kwa rangi kali isiyo ya kawaida. Lord Rayleigh aliichukua kazi hiyo, akaonyesha mwaka 1887 jinsi wimbi linavyosafiri katika kitu chenye mpangilio unaojirudia, kisha akairudia tena mwaka 1917 akiwa amepita miaka 70. Matabaka yakiwa sawasawa, kuna rangi ambayo mawimbi yake yanayorudi kutoka kila tabaka yanafika pamoja, kilele juu ya kilele. Rangi hiyo hukataliwa mlangoni, nyingine zote zinapita. Vioo vya ndani ya mashine za leza hutengenezwa kwa kanuni hiyo mpaka leo.

Kwa hiyo kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 ilionekana kwamba nidhamu ndiyo inayozuia mwanga. Ukivuruga matabaka unavuruga mapatano yao, na mwanga utapata upenyo. Ni wazo la kueleweka kabisa, na si kweli.

Aliyelivunja hakuwa akifikiria mwanga. Philip Anderson alikuwa mfanyakazi wa Bell Labs huko New Jersey, Marekani, taasisi ya utafiti ya kampuni ya simu. Mwenzake George Feher alikuwa akichunguza silikoni iliyotiwa fosforasi kidogo, mchanganyiko wa aina ile ile ambayo ilikuwa ikiwatajirisha watengenezaji wa transista. Atomi za fosforasi zimetapakaa ndani ya silikoni bila mpangilio, na kila moja ina elektroni yake ya ziada. Kwa nadharia ya wakati ule, hali ya elektroni moja ilipaswa kusambaa haraka kwa jirani zake hadi ipotee kabisa. Vipimo vya Feher vilikataa. Hali hiyo ilidumu mahali pake muda mrefu kupita matarajio ya mtu yeyote.

Anderson alijibu mwaka 1958 kwa makala yenye hisabati ngumu, ambayo kwa miaka mingi ilisomwa na wachache na kuaminiwa na wachache zaidi. Hoja yake ilikuwa hivi. Elektroni ni wimbi. Ukiiweka katika kitu chenye vurugu, wimbi lake linagonga huku na huku na kugawanyika katika njia nyingi. Watu walidhani vurugu itaichelewesha tu: itatembea kwa kusuasua, lakini mwisho itafika popote. Anderson alionyesha kwamba vurugu ikizidi kiwango fulani, elektroni haifiki kokote. Mbali na pale ilipoanzia, mawimbi yanayofika kwa njia mbalimbali yanauana. Karibu na pale ilipoanzia, yanatiana nguvu. Hakuna ukuta ulioizuia wala shimo ililotumbukia. Imenaswa na mawimbi yake yenyewe. Kazi hiyo ilimpatia Anderson sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1977, pamoja na Nevill Mott na mwalimu wake John Van Vleck.

Mwaka mmoja tu baada ya makala ile, katika Umoja wa Kisovieti, M. E. Gertsenshtein na V. B. Vasil'ev walichapisha kazi kuhusu mirija ya kupitishia mawimbi ya redio ambayo ndani yake ina kasoro zilizokaa ovyo. Waligundua kwamba nguvu inayopita haipungui polepole kama katika kanuni ya Stokes. Inaporomoka: kila hatua inakata sehemu ile ile ya kilichobaki. Makala ilitoka katika jarida la nadharia ya uwezekano, mahali ambapo mwanafizikia wa maada hapiti, na ikasahaulika. (Gertsenshtein alikuwa na bahati mbaya ya kutangulia. Mwaka 1962, pamoja na V. I. Pustovoit, alipendekeza kunasa mawimbi ya mvutano kwa kugawanya na kuunganisha miali ya mwanga, njia iliyokuja kufanikiwa Marekani mwaka 2015.) Mwaka 1961 Mott na W. D. Twose walieleza kwamba katika mstari mmoja hakuna kiwango cha chini cha vurugu: hata ikiwa ndogo sana, inanasa. Miaka miwili baadaye Harry Furstenberg, mwanahisabati mzaliwa wa Berlin, alithibitisha kanuni ya jumla kuhusu kuzidisha majedwali ya nambari yaliyookotwa kwa bahati nasibu, na ikawa ndiyo msingi wa hisabati ya jambo hilo. Hakuwa akizungumzia vioo hata kidogo.

Rundo la matabaka ni mstari mmoja. Mwanga unaolipiga wima una uchaguzi wa mambo mawili tu, kusonga mbele au kurudi nyuma, na hauwezi kulizunguka tabaka lolote. Katika unga au rangi ya ukutani mwanga una pande zote za kukimbilia, na mambo yanabadilika kabisa. Tofauti hiyo ya mstari, bapa na ujazo ilipangwa vizuri mwaka 1979 na watu wanne, Anderson mwenyewe akiwamo: kwenye mstari na kwenye bapa wimbi hunaswa mwishowe, kwenye ujazo hunaswa vurugu ikiwa kali tu.

Je, mwanga nao? Sajeev John, mzaliwa wa India aliyekulia Kanada, aliichukua hoja hiyo tangu mwaka 1984, na mwaka 1987 akapendekeza kwamba njia rahisi ni kuanza na kitu chenye mpangilio karibu kamili kisha kukivuruga kidogo. Anderson naye aliandika mwaka 1985 akiuliza kama nadharia yake haikuwa, kumbe, nadharia ya rangi nyeupe ya kupaka ukutani. Mwaka huo huo makundi mawili, moja Uholanzi na jingine Grenoble, Ufaransa, yaliona dalili ya kwanza: mwanga unaorudi kutoka kwenye maji yenye chembe ndogondogo unakuwa mkali zaidi kuelekea kule hasa ulikotoka. Ilikuwa dalili tu, mwanga haukuwa umenaswa. Lakini shindano lilianza.

Mwaka 1997 zikatoka makala mbili. Ya kwanza ilikuwa katika Nature, jarida lenye sauti kubwa kuliko mengi. Diederik Wiersma na wenzake wa Florence, Italia, walisaga galiamu asenidi, kitu kinachopinda mwanga kwa nguvu kubwa, wakapima mwanga unaopenya unga huo, wakatangaza kwamba wameunasa katika ujazo. Ya pili ilitoka katika European Journal of Physics, jarida la walimu wa fizikia. Waandishi walikuwa Michael Berry wa Bristol, Uingereza, ambaye jina lake wanafizikia wanalijua kwa mambo mengine makubwa, na mwenzake Susanne Klein. Kifaa chao kilikuwa rundo la karatasi angavu za plastiki, zile ambazo wahadhiri walikuwa wakiziandikia kwa kalamu ya wino na kuziweka juu ya projekta.

Kila karatasi inapitisha mwanga kama kioo cha Stokes. Unene wake haulingani kikamilifu, na pengo la hewa kati ya karatasi na karatasi linakuwa vyovyote litakavyokuwa. Ni vurugu ya kutosha, tena ya bure. Berry na Klein waliongeza karatasi na kupima mwanga unaotoka. Kanuni ya Stokes ilishindwa. Mwanga uliporomoka kwa kasi ile ya Gertsenshtein na Vasil'ev.

Tuziweke nambari mezani, kwa mwanga wa rangi moja na nyuso zinazorudisha asilimia 4. Karatasi 10 zina nyuso 20: Stokes anasema asilimia 55, mawimbi yanasema 44. Tofauti ni ndogo, mtu anaweza kuilaumu mashine ya kupimia. Karatasi 50: Stokes asilimia 19, mawimbi chini ya asilimia 2. Karatasi 100: Stokes karibu asilimia 11, mawimbi sehemu 3 katika 10,000.

Zilikotoka nambari za pili ndipo penye uhondo. Ni 0.96 ikizidishwa yenyewe mara 20, mara 100, mara 200. Ni kama fedha inayopita mikononi mwa madalali 200, kila mmoja akikata asilimia 4 ya kilichomfikia. Kwa maneno mengine ni ile hesabu ya haraka, ya mtu asiyefikiria kabisa mwanga unaorudi, ambayo Stokes aliikataa kwa sababu nzuri. Mawimbi yakihesabiwa yote bila kuacha hata moja, jibu linarudi pale pale.

Sababu yake inaeleweka bila hisabati kubwa. Chukua nyuso mbili na pengo kati yake. Wimbi linalorukaruka ndani ya pengo mara linaisaidia safari ya kwenda mbele, mara linaizuia, kulingana na upana wa pengo. Ukipima kwa mafungu, yaani msaada umezidisha mwanga mara ngapi na kizuizi kimeugawa mara ngapi, basi kwa mapengo ya kila upana yenye nafasi sawa ya kutokea, kuzidisha na kugawa vinalingana kikamilifu. Hakibaki kitu. Na Stokes aliteleza wapi? Aliamini kwamba mawimbi ya njia tofauti hayawezi kupatana katika rundo lenye vurugu. Lakini ndani ya rundo kuna njia chungu nzima zinazopita mapengo yale yale, idadi ile ile ya mara, ila kwa mfuatano tofauti. Urefu wake ni mmoja hasa, vurugu iwe kubwa namna gani. Mawimbi ya njia hizo yanafika pamoja siku zote, na hesabu isiyoyaona itakosea.

Mwanga uliokosekana upande wa pili haukumezwa na plastiki. Umerudi ulikotoka. Rundo la karatasi ambazo kila moja unaweza kusomea gazeti limegeuka kioo cha kujitazama, na ndivyo Berry na Klein walivyoiita makala yao: vioo angavu.

Kwa rangi chache zilizochaguliwa na bahati ya mapengo, mambo ni tofauti. Mwanga wa rangi hiyo unaingia hadi katikati ya rundo, unakuta matabaka machache yanayopatana nao, unarundikana hapo na kukawia. Pande zote mbili umezingirwa na vioo ambavyo vurugu imevitengeneza. Mwaka 2005 watafiti wa Florence na Trento waliyaona maficho hayo katika silikoni yenye vinyweleo, inayotengenezwa kwa kuila silikoni kwa asidi na umeme: ukibadilisha nguvu ya umeme, tabaka jipya linakuwa na vinyweleo vingi au vichache. Waliona hata maficho kadhaa yakiungana kama shanga katika uzi mmoja, mwanga ukivuka kutoka moja hadi jingine, jambo ambalo John Pendry wa Uingereza alilitabiri mwaka 1987. Mwaka huo huo wa 2005, Valery Milner na Azriel Genack wa Queens College, New York, walirundika vile vioo vyembamba vya kufunikia vielelezo vya hadubini, wakaweka katikati yake matabaka yenye rangi inayowaka, na mwanga ulionaswa ukawafanyia kazi ya leza. Leza ya kawaida inahitaji vioo viwili vilivyolinganishwa kwa uangalifu mkubwa. Hii ilitaka visilingane.

Na ule unga wa Florence? Mwaka 1999 wapinzani walionyesha kwamba vipimo vile vinaweza kuelezwa na jambo la kawaida: unga ulikuwa ukimeza mwanga kidogo. Kumezwa na kunaswa, ukitazama kwa nje, vinafanana sana, vyote viwili vinaporomosha mwanga kwa mtindo mmoja. Kundi la Georg Maret la Konstanz, Ujerumani, likatafuta njia ya kuvitenganisha. Lilituma mapigo mafupi ya mwanga ndani ya unga wa titani dioksidi, malighafi ya rangi nyeupe, na kupima mwanga unaochelewa kutoka. Makala za mwaka 2006 na 2013 zilitangaza ushindi. Mwaka 2014 Sergey Skipetrov na Igor Sokolov walionyesha kwa hesabu kwamba mwanga una tabia ambayo nadharia ya kwanza haikuitia maanani, kutikisika kwake kwa pande tofauti, na kwamba tabia hiyo inaweza kuzuia kabisa kunaswa. Mwaka 2016 kundi la Konstanz likaandika lenyewe kwamba mwanga uliochelewa haukuwa umenaswa: unga ulikuwa ukimeza mwanga na kuutema baadaye ukiwa na rangi nyingine. Kujisahihisha hadharani baada ya miaka kumi ya kazi ni jambo la kuheshimiwa, na kwangu makala ile ina thamani kuliko zile mbili za ushindi. Mwaka 2023 kompyuta ilionyesha mwanga ukinaswa katika ujazo uliojaa vitufe vya chuma vilivyoingiliana, na bado hiyo ni kompyuta. Makala ya karatasi za projekta haijawahi kukanushwa.

Wanyama walilitumia rundo kabla ya maabara. Ubavu wa samaki anayeng'aa kama fedha umejaa vibamba vyembamba vya fuwele za guanini, vikiwa vimepangwa tabaka kwa tabaka na maji ya seli katikati. Eric Denton wa Plymouth alichunguza mpangilio huo katika miaka ya 1960. Kama vibamba vingelingana, samaki angeng'aa kwa rangi moja, kwa kanuni ya Rayleigh. Havilingani, ndiyo maana anarudisha rangi zote. Mwaka 2012 Tom Jordan, Julian Partridge na Nicholas Roberts, nao wa Bristol, walionyesha kwamba sadini na heringi huchanganya fuwele za aina mbili, na kwa mchanganyiko huo mwanga unaorudi hauchujwi kuwa wa kutikisika upande mmoja. Rundo la Stokes lilitumika kwa ajili ya kuchuja. La heringi limekwepa. Mwaka 2014 watatu hao waliunganisha vurugu ya vibamba vya wanyama na kunaswa kwa mwanga. Dagaa wa Ziwa Tanganyika, wale wanaovuliwa Kigoma kwa taa usiku, ni ndugu wa sadini na heringi.

Mwalimu wa fizikia mwenye leza ndogo ya kuelekezea, karatasi angavu 50 za kufungia ripoti na simu yenye programu ya kupima mwanga anaweza kulirudia jaribio la Bristol darasani. Wanafunzi wasiitazame leza moja kwa moja. Waandike logi ya mwanga unaotoka kila zinapoongezwa karatasi tano: mstari ulionyooka ni wa mawimbi, uliopinda na kulala ni wa Stokes. Na wapime pia mwanga unaorudi mbele ya rundo, kwani plastiki inayomeza mwanga nayo huchora mstari ulionyooka. Wasipofanya hivyo watakuwa wamerudia kosa la Florence.